Chemba ya Nyuma ya Mkahawa

Kitengo cha Tahadhari kilikuwa na vyumba vichache, friji mbili, na ramani ya dunia iliyofunika ukuta mzima. Kila ilipoingia barua pepe kwamba ugonjwa fulani umezuka nchi fulani, mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Daktari, aliinuka akachomeka pini ya rangi kwenye ramani, kisha akarudi nyuma kidogo kuitazama, kama mtu aliyetundika picha ya harusi yake. Wageni kutoka wizarani walipokuja walipigwa picha mbele ya ramani hiyo. Hakuna aliyewahi kuomba apigwe picha na friji, ingawa kazi yote ilikuwa humo.

Kazi yenyewe, kusema kweli, haikuwa ya kupigia picha. Kipande cha shashi, ile ya kufungia vidonda, kinakunjwa, kinafungwa kwa uzi wa nailoni na kuning'inizwa ndani ya chemba ya maji taka. Maji ya watu yanapita, shashi inanasa kilichomo. Baada ya siku mbili tatu inatolewa na kupelekwa maabara, na kinachoota kwenye sahani za kioo kinaeleza watu wa mtaa huo wamebeba nini matumboni, hata kabla wenyewe hawajajua. Pale kitengoni vipande hivyo viliitwa nepi, na jina lilivifaa.

Mtu wa kuzitundika alikuwa fundi wa mifereji aliyeitwa Ndoano, kwa sababu ya chuma chake cha kufunulia mifuniko, ambacho hakukiacha hata akienda kula. Mtu wa kuzisoma alikuwa mpimaji wa maabara, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Aliweza kuangalia sahani iliyooza kwa vimelea na sahani safi kwa uso uleule, na wenzake walimheshimu kwa hilo.

Ugonjwa uliokuwa ukisubiriwa mwaka ule ulikuwa homa ya matumbo. Homa ya matumbo ni ya zamani na kila mtu anaijua, lakini hii ilikuwa ya aina mpya: vidonge vya kawaida havikufua dafu mbele yake. Ilikuwa imeshaonekana nchi kadhaa, na pini zake kwenye ramani zilikuwa nyekundu. Daktari alikuwa ameandika mpango wa utayari, kitabu kizima chenye jalada la plastiki, kinachoeleza viwanja vya ndege, bandari na vituo vya mpakani. Ulikuwa mpango mzuri, na wakubwa waliusifu. Kisha homa yenyewe ikakutwa kwenye damu ya watoto wa mtaa wa nyuma ya ofisi, na mmoja wao, mtoto wa fundi viatu, mwanafunzi wa darasa la pili, akafariki.

Namna ya kuitafuta ilikuwa moja tu, kupanda na bomba. Maji taka yanashuka, kwa hiyo anayetafuta chanzo anapanda. Ndoano alitundika nepi pale bomba la mtaa linapoingia kwenye bomba kuu, na mpimaji akaona imeota. Wakapanda hadi mabomba yanapogawanyika, wakaweka nepi kila tawi. Tawi moja lilikuwa safi, wakaachana nalo, wakapanda na lile lililoota. Wapita njia waliziba pua na kumuuliza Ndoano kama kuna mtu amedondosha pete humo. Aliwajibu kwamba ndiyo, tena ya dhahabu, na anayetaka kusaidia kuitafuta avue viatu.

Mwisho wakafika kwenye tawi ambalo juu yake palikuwa na majengo matatu tu: duka la kuchapa kadi, bweni la wasichana wanaosomea ushonaji, na mkahawa wa Mama.

Mama alikuwa mama mzazi wa mpimaji, ingawa mtaa mzima ulimwita hivyohivyo. Mkahawa wake ulitazamana na geti la ofisi. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akaingia jikoni, na hakutoka tena. Mpimaji alifanyia hesabu zake za shule kwenye meza ya pembeni, ile iliyo karibu na karo la kuoshea vyombo, huku akitumwa vitunguu katikati ya jedwali la kuzidisha. Mama hakuwa na shamba, wala kikundi, wala mchezo anaoupenda. Alikuwa na mkahawa, na wateja waliosema hapa ndipo mahali safi kuliko pote mjini. Angenyang'anywa huo angebaki na kitanda na televisheni, na hilo binti yake alilijua kuliko mtu yeyote.

"Tuanze na bweni," Daktari alisema kikaoni. "Wasichana wengi, vyoo vichache. Duka la kadi lina watu wawili na wanakwenda msalani kwa jirani."

"Na kwa Mama?" aliuliza mpimaji. Aliuliza yeye kwa sababu aliona si vizuri asiulize.

Daktari akacheka. "Kwa Mama tunakula sisi. Wote tuliomo humu, kila mchana, miaka nenda miaka rudi. Ingekuwa kule, kikao hiki tungekifanyia wodini. Sisi ndio panya wa maabara, bibi wee, na panya wazima wa afya."

Watu walicheka, na Ndoano akapiga tumbo lake kama ushahidi. Ilikuwa hoja nzuri, fupi, yenye mantiki. Mpimaji naye alicheka, na moyo ukamtulia. Watu waliosomea magonjwa nao wana ugonjwa wao: wakishapata jibu wanalolipenda, hawaulizi tena limepimwa kwa nani.

Basi bweni likapimwa. Wasichana wote walipewa vikopo na kuambiwa warudi navyo asubuhi, jambo ambalo halijawahi kumfurahisha binadamu yeyote. Habari zikaenea. Watoto wa mtaani wakawapa wasichana wale jina baya, wazazi wawili wakaja kuwachukua mabinti zao, na mlezi wa bweni akampigia Daktari simu akamweleza mawazo yake bila kupunguza hata moja. Majibu yakatoka: wasichana walikuwa wazima, wote. Nepi ya tawi lile iliendelea kuota, na wodini waliongezeka watoto wengine na mama mmoja mjamzito. Daktari akasema huenda kuna bomba lililopasuka mahali, akaomba ramani ya mabomba kutoka halmashauri. Halmashauri ikaahidi kuitafuta.

Kisha akaugua katibu muhtasi mpya. Alikuwa mama mtu mzima, mcheshi, aliyehamishiwa kitengoni kutoka idara ya ardhi, na hata kiti chake kilikuwa bado hakijamzoea. Homa ikampanda, haikushuka, damu yake ikaletwa maabara, na mpimaji akakuta kimelea kilekile. Daktari alikuna kichwa. Anakaa mbali, alisema, upande mwingine kabisa wa mji. Wakahisi ameupata ugonjwa kwenye basi, sokoni, au kwa jamaa.

Wiki hiyohiyo alikuja nesi wa chanjo. Mtumishi yeyote wa kitengo kile, kuanzia Daktari hadi mlinzi, anachanjwa homa ya matumbo anapoanza kazi, kwa sababu wanashika vinyesi vya watu, na hiyo ni kanuni. Ila chupa moja ina dozi kadhaa na ikifunguliwa lazima iishe, kwa hiyo nesi husubiri hadi ofisi za jirani nazo zipate watumishi wapya. Siku hiyo alikuwa amewapata wa kutosha. Akaweka boksi lake la barafu mezani kwa katibu muhtasi na kuuliza mwenye meza yuko wapi.

"Anaumwa," mlinzi alimjibu.

"Basi nitamchoma akipona. Nyinyi wengine naona mlishachomwa wote."

Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni na trei ya sahani mikononi. Alibaki pale hata nesi alipofunga boksi lake na kuondoka. Mlinzi alimuuliza kama anatafuta kitu, naye akasema hapana. Mle ofisini mlikuwa na mtu mmoja tu asiye na chanjo, na ndiye aliyekuwa kitandani. Naye alikuwa anakula alikokula kila mtu, kwa Mama. Wale panya wazima wa afya, waliomsafisha Mama kwa vicheko kikaoni, walikuwa wamekingwa tangu siku ya kwanza. Hawakuwa wamethibitisha lolote.

Aliweka trei chini taratibu. Aliogopa, tena si kidogo. Kwa muda fulani, na hili halikuwa wazo la kupita tu, alifikiria kunyamaza. Ramani ya mabomba ilikuwa bado inatafutwa. Nani angejua?

Mchana huo alimfuata Ndoano. "Twende ukanifungulie chemba ya nyuma ya mkahawa."

"Kwa Mama? Si tulishapavuka pale?"

"Fungua tu, kaka."

Ndoano alifunua mfuniko, akatundika nepi kwenye bomba linalotoka mkahawani peke yake kabla halijachanganyika na mengine. Alipokuwa anafunga uzi, Mama alitokea mlango wa jikoni na glasi mbili za juisi ya papai. Mama hakuamini mashine ya juisi. Alisema inaua ladha. Papai aliliponda na kulichuja kwa mikono yake mwenyewe, mikono iliyokosha vyombo tangu alfajiri, na kila aliyeijua juisi ile alikubaliana naye. Watoto wakitoka shule walipita kwa mlango huo wa nyuma wakapewa kikombe kimoja kimoja bure.

"Mnatafuta nini kwenye uchafu wangu?" aliuliza huku akicheka.

"Ukaguzi wa kawaida, Mama," mpimaji alisema. "Halafu hiyo juisi uiache kwanza. Papai za siku hizi sokoni wanazipulizia dawa mbaya. Usikamue tena mpaka nikwambie."

"Dawa gani?"

"Ya wadudu. Na za leo mwaga zote."

Kwa vile maneno yalitoka kwa mtu wa maabara, Mama aliyaamini. Mpimaji akachukua zile glasi mbili na kuzimwaga kwenye majani, Ndoano akiangalia kwa masikitiko.

Nepi ilitolewa, ikaoteshwa. Asubuhi mpimaji alipofungua kabati la joto, sahani zilikuwa zimejaa madoa meusi yenye kung'aa kidogo pembeni. Aliyajua madoa yale vizuri kiasi kwamba vipimo vilivyofuata alivifanya kwa ajili ya utaratibu tu. Akaingia kwa Daktari, akamwekea sahani mezani na kumweleza habari ya chanjo.

Daktari alikuwa mtu wa kujisifu, lakini hakuwa mtu mbaya. "Mimi ndiye niliyesema panya," alisema. Kisha akaongeza, "Naweza kumtuma mtu mwingine akamwambie."

"Ni mama yangu."

"Ndiyo maana nasema hivyo."

Alikwenda mwenyewe, wateja wa mchana walipokwisha kuondoka. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye sinia, miwani imeteremka hadi ncha ya pua.

"Mama, ule ugonjwa wa mtaani unatoka hapa."

"Hapa wapi?"

"Jikoni kwako."

Mama hakusimamisha vidole. "Mwanangu, hili jiko linapigwa deki asubuhi, mchana na jioni. Mtu akikata kitunguu bila kunawa namfukuza, unanijua. Mwenye maneno hayo mlete hapa tuzungumze."

"Si uchafu. Uko ndani yako, kwenye kifuko cha nyongo. Umekaa humo kimya, wewe haukudhuru. Unatoka kidogo kidogo ukienda msalani, na kunawa peke yake hakutoshi kila siku."

"Mimi sijaumwa."

"Uliumwa mwaka jana, ulipotoka msibani kwa mama mkubwa, kule ng'ambo ya mpaka."

"Ile?" Mama alivua miwani. "Ile ilikuwa uchovu wa safari. Nilinywa vidonge vya dukani, ikapita. Tena mpakani walinipima. Walinielekezea ile bunduki yao ya joto hapa kwenye paji la uso, wakasema mama uko salama, pita." Alilisema hilo kwa fahari kidogo.

Na ilikuwa kweli, walimpima. Kile kitabu chenye jalada la plastiki kilitekelezwa siku hiyo neno kwa neno: bunduki ilikuwepo, betri ilikuwemo, mpimaji wa mpakani alikuwa macho. Mama hakuwa na joto, kwa hiyo alipita na mkoba wake na homa ya aina mpya tumboni, na kesho yake akafungua mkahawa.

Alitoa vikopo alivyoombwa, na majibu yakawa yaleyale. Daktari akafanya mambo haraka, kwa hilo lazima asifiwe. Dawa pekee iliyobaki yenye kuuweza ugonjwa ule ikaagizwa, hospitali kubwa ikakubali kumpasua Mama na kukitoa kile kifuko, wasichana waliomsaidia jikoni wakapimwa, na wodini wakajua sasa wanapambana na nini. Hadi hapo atakapoonekana amepona, Mama hakuruhusiwa kumpikia mtu. Sheria inakataza jina la mgonjwa kutajwa, na mpimaji aliing'ang'ania sheria hiyo kwa meno. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye karatasi kwamba mkahawa umefungwa kwa matengenezo, akaibandika mlangoni, na kuwaambia majirani kuwa ni mambo ya bomba. Akipona, Mama angefungua tena, mtaa ungerudi mezani, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa amelipanga hilo vizuri na lilimpa usingizi.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali, alimkuta Mama ameketi mkahawani peke yake, viti vyote vimepinduliwa juu ya meza isipokuwa kimoja.

"Ni ile juisi, siyo?" Mama aliuliza. "Si papai."

"Ndiyo. Chakula kinapita motoni, kimelea kinakufa. Juisi haipiti motoni."

"Inapita mikononi mwangu."

"Ndiyo, Mama."

Mama aliitazama mikono yake, akaificha mapajani. "Kwa hiyo na yule mtoto wa fundi viatu."

"Hatuwezi kuwa na uhakika. Watoto wanakunywa vitu vingi huko njiani."

"Nilidhani kazi yako ni uhakika."

Mama alinyanyuka, akachukua mtandio wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwao."

"Mama, tafadhali. Jina lako halitajwi, ni sheria. Ukisema, ndiyo mwisho wa mkahawa. Hakuna mtu atakula kwako tena, hata ukipona mara kumi."

"Sheria ni ya ofisini kwenu," Mama alisema. "Mimi juisi nilimpa kwa mkono wangu. Na msibani kwake nilikwenda nikapika."

Fundi viatu alikaa uani mwa nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Mwenyewe alikuwa kazini. Mkewe alifungua mlango, akafurahi kuona ni nani, akafuta kiti kwa ncha ya nguo na kumkalisha Mama. Mpimaji alibaki amesimama karibu na mlango. Kwenye kamba ya nguo dirishani hapakuwa na sare ya shule. Mwenyeji alileta maji ya kunywa, akamkabidhi Mama kikombe kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nataka nije mimi kwako," alisema. "Tangu msiba sijakushukuru. Ulitupikia watu wote wale, hukutudai hata chumvi. Na mtoto, Mungu amrehemu, alikupenda. Homa ilipombana alikataa kila kitu, uji hataki, chai hataki, anataka juisi yako tu. Nilikuwa namtuma dada yake kila jioni, na wewe hukumrudisha mikono mitupu hata siku moja. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita."

Mpimaji alimtazama mama yake. Alitamani Mama aseme asante, anywe maji, waage waondoke. Alilitamani kwa nguvu zake zote, na hakuona aibu.

Mama aliweka kikombe chini bila kukigusisha mdomoni.

"Kaa, mwanangu," alimwambia mke wa fundi viatu. "Kaa kwanza hapa karibu yangu. Hiyo juisi ndiyo iliyonileta."